Okidi Iliyo Juu ya Mwembe Wako

Kabla hujapanda mwembe na panga mkononi kwenda kulikwangua lile fungu la majani magumu lililokaa kwenye panda ya matawi, simama chini kwanza ulitazame. Huku Mahagi-Port, sawa na vijiji vingi vya ukingo wa Ziwa Albert, kila kinachoota juu ya mti wa matunda hushtakiwa kosa moja: kinaunyonya mti. Ipo mimea inayostahili shtaka hilo. Ipo pia isiyo na hatia yoyote, na mmojawapo ni okidi ambayo watu wa nchi za baridi huigharamia sana kuiotesha ndani ya vyumba vya vioo, ilhali sisi tunaitupa jaani pamoja na matawi makavu.

Kuitambua hakuhitaji kitabu. Kirukia, yule anayekausha matawi ya miembe na miparachichi, huingia ndani ya tawi lenyewe. Pale alipoingilia, tawi huvimba na kufanya nundu, na ukitaka kumwondoa ni lazima ukate pamoja na kipande cha tawi, la sivyo atachipua tena. Huyo mkate bila huruma, na mapema. Okidi iko kinyume. Mizizi yake yote iko nje, inatambaa juu ya gome, na ukipenyeza ukucha chini ya mzizi mmoja utaubandua bila kukuta chochote kilichozama kwenye mti. Chini yake gome ni zima. Mti kwake ni mahali pa kukaa tu, apate mwanga na upepo ambao chini ardhini haupo. Maji anayapata kwenye mvua na umande. Chakula anakipata kwenye majani makavu, vumbi na kinyesi cha ndege. Jambo la kuangalia ni uzito: fungu la miaka mingi likikaa kwenye tawi lililokwisha kuoza linaweza kuanguka nalo, na dawa yake ni kulipunguza, siyo kuling'oa.

Okidi ninayoizungumzia hasa ni Ansellia. Jenasi hii ina spishi moja tu, Ansellia africana, na imeenea Afrika ya joto karibu yote, toka magharibi, kupitia Kongo na Uganda, mpaka pwani ya Kenya na kusini hadi Afrika Kusini. Jina lake linatokana na John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyekuwa kwenye msafara wa Mto Niger mwaka 1841; aliikuta kwenye kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko, na mtaalamu wa mimea John Lindley akaitangaza rasmi mwaka 1844. Maua yake ni ya manjano, na mengi yana madoa ya kahawia, ndiyo maana wengi duniani huiita okidi ya chui. Madoa hayo yanatofautiana sana: kuna mmea wenye madoa mazito yaliyokaribia kulifunika ua zima, kuna wenye madoa hafifu, kuna usio na hata doa moja. Kwa sababu hiyo wataalamu wa zamani waliigawa mara nyingi, wakaandika gigantea, nilotica, congoensis. Siku hizi zote huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Nalisema hili kwa faida ya mfuko wako: muuzaji akikuambia ana Ansellia za aina tatu kwa bei tatu, anakuuzia rangi.

Hata isipokuwa na maua utaijua. Mashina yake yanasimama kwa kundi kama miwa myembamba, yana vifundo na mifereji ya urefu, na mara nyingi hufika sentimita 60 au kuzidi. Rangi yake ni kijani kilichochanganyika na manjano. Majani magumu, yenye mistari ya urefu, yamekaa sehemu ya juu ya shina peke yake; chini ni uchi. Mashina hayo ndiyo ghala la mmea. Mvua ikinyesha hujaa, kiangazi kikikaza hukunjamana taratibu, na mmea unaishi kwa akiba hiyo.

Hapa ndipo watu wengi wenye mapenzi na usafi huiharibu. Shina la zamani huangusha majani yake likabaki kijiti kitupu, na mwenye bustani analiona limekufa, analikata. Halijakufa. Lina maji na chakula ambacho mashina machanga yanakitegemea. Likamue kidogo kwa vidole: likiwa gumu, hata kama limekunjamana, liache. Likiwa limebonyea, limegeuka kahawia yote na ndani ni tupu, hapo likate. Na usipunguze ncha za mashina ukidhani unaulazimisha mmea utoe matawi, kwa sababu shada la maua hutokea huko huko nchani.

Sasa mizizi, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa anayeielewa mizizi ya okidi hii hana tena sababu ya kuiua. Ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni minene, myeupe, inayoshika gome. Weupe wake ni tabaka la chembe zilizokufa, tupu ndani, ambazo kazi yake ni kufyonza maji haraka mvua inapopita na kuukinga mzizi usikauke. Mwagia maji uone: mzizi mweupe unageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu tabaka la nje likijaa maji hukiachia kijani cha ndani kionekane. Mabadiliko hayo ndiyo saa yako ya kumwagilia. Mwagilia mpaka mizizi igeuke kijani, kisha acha mpaka irudi nyeupe kabla ya kumwagilia tena. Mmea uliofungwa mtini, kwa joto letu la ziwani, wakati unapochipua unaweza kutaka maji kila asubuhi. Ulio kwenye kikapu utakaa siku mbili tatu. Usihesabu siku. Angalia mzizi.

Ya pili ni ile inayowashangaza watu. Ni myembamba, migumu, ina ncha kali, na badala ya kushuka inaelekea juu. Inatoka kwa wingi kuzunguka mashina mpaka inakuwa kiota cha miiba myeupe, tena inachoma kweli, kwa hiyo vaa kitu mkononi. Kazi yake ni kunasa. Majani ya mwembe yanayoanguka, maua makavu, vipande vya gome, manyoya ya ndege, vyote hunasa humo, vikaoza, na mmea ukajipatia mboji yake mwenyewe mita tano juu ya ardhi. Nimewaona watu wakiitoa takataka hiyo kwa vidole, jani baada ya jani, mpaka kiota kikang'aa. Wameuondolea mmea chakula. Ukiwa umeufunga mmea mahali ambapo majani hayaanguki, mathalani kwenye nguzo ya baraza, wewe ndiye ujaze: weka majani makavu kidogo kidogo ndani ya kiota, hasa mvua zinapoanza.

Sisimizi wakihamia humo, usikimbilie dawa ya wadudu. Wengi hawana madhara. Chunguza tu chini ya majani na kwenye vifundo vya mashina kama hakuna wadudu wa magamba, wale wa kahawia waliobandikana bila kusogea, maana sisimizi wengine huwalinda kwa ajili ya utamu wao. Ukiwakuta, wasugue na mswaki mlaini uliochovywa kwenye maji ya sabuni, suuza, rudia baada ya wiki.

Kuhusu maji, wenzangu wa ufukweni nina ombi. Kinga maji ya mvua. Maji ya Ziwa Albert yana chumvichumvi kuliko ya mvua, na chumvi hiyo hubaki kwenye mizizi kila maji yanapokauka, mpaka ncha zinakuwa nyeusi. Kama huna budi kutumia ya ziwa au ya kisima, basi suuza mmea kwa maji ya mvua kila unapoyapata. Na yale maji yaliyooshea samaki wa chumvi, ambayo hapa kwetu yapo kila ua, yaweke mbali kabisa. Kuna anayedhani kila kinachonuka ni mbolea. Okidi inahitaji mbolea kidogo mno: chukua kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ya dukani, tumia robo yake, mara mbili kwa mwezi, na ni wakati wa kuchipua tu. Atumiaye samadi aiache iozee kwenye maji, aichuje, aizimue mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi.

Kiangazi, toka Desemba hadi mvua za Machi, Ansellia hupumzika. Wakati huo usiihurumie kupita kiasi. Mmea unaolowa mwaka mzima hutoa majani na kuoza mashina. Mmea unaopata kiu ya wiki kadhaa hukusanya nguvu, na wakuzaji wengi wanakubaliana kwamba kiu hiyo ndiyo inayouchochea kutoa maua. Kunyunyizia mara moja kwa wiki kunatosha. Mashina yakikunjamana kidogo ni sawa.

Mwanga nao upime kwa jani. Jani la kijani kizito, laini, linalolala, linasema mmea uko gizani; utaishi lakini hutaliona ua. Jani la kijani chenye manjano kidogo, lililosimama, ndilo unalolitaka. Madoa makavu meupe au meusi upande unaopigwa na jua la saa saba ni kuungua. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa mti wenye majani ya wastani, apate jua la asubuhi na kivuli cha kupepea mchana.

Mti wa kuifunga usiwe unaobambuka gome. Mwembe unafaa, mkwaju unafaa sana, mparachichi pia. Mpera na mkaratusi usiitumie: miti hiyo huvua gome lake, na okidi itaanguka nalo. Panda juu kuliko mbuzi anavyofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Funga kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, siyo kwa waya wa shaba, kwani shaba ni sumu kwa mizizi hii. Kaza mpaka mmea usitikisike hata ukiusukuma, kwa sababu mzizi mchanga una ncha ya kijani kibichi, dhaifu, na kila mmea unapocheza kwa upepo ncha hizo hukwaruzwa na kuacha kukua. Mizizi ikishashika gome, kata mpira uuondoe. Na kama nyumba yenu ina desturi ya kupaka mashina ya miti chokaa siku za sikukuu, mti huo uuruke.

Asiye na mti atumie kikapu cha mbao chenye nafasi kubwa baina ya vipande. Usitie udongo, hata kiganja. Udongo unaziba hewa, na mizizi iliyozoea upepo inaoza ndani ya wiki chache. Tumia mapande makubwa ya mkaa yaliyooshwa yakatoka vumbi lote, vipande vya matofali ya kuchoma, na magome magumu. Unapomwagilia maji yapite yote, yasibaki.

Wakati wa kuigusa ni mmoja: pale shina jipya linapotoka chini ya mengine, likafikia urefu wa kidole, na mizizi yake mipya ikaanza kuchungulia. Ukihamisha au kugawa wakati huo, mizizi hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye makazi mapya. Ukifanya kabla, mmea unakaa miezi bila kushika kitu. Fungu kubwa ligawe kwa vipande vyenye mashina matatu au manne kila kimoja; chini ya hapo unapata mmea usio na akiba. Kisu kipitishe kwenye moto kabla ya kukata, na jeraha lipake unga wa mkaa. Mizizi iliyokufa utaijua ukiivuta: ngozi inavuka, unabaki na uzi mikononi. Hiyo kata. Iliyo migumu iache yote.

Mmea wa kuanzia upate wapi? Usiukwee mti msituni kuung'oa. Ansellia imewekwa na shirika la IUCN kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini, na sababu kubwa ni hizo hizo mbili tunazoziona kwa macho: kukatwa kwa miti na kuchukuliwa kwa ajili ya kuuzwa. Lakini miti inaanguka kila siku kwa ajili ya mkaa, na okidi zilizo juu yake zinakufa juani. Hapo ndipo pa kuchukua. Zungumza na mchoma mkaa kabla, kwa adabu: "Papa, mti huo ukishaanguka, lile fungu la juu niwekee." Mara nyingi jibu ni fupi: "Chukua tu, mama, mimi nataka mti." Fika siku ile ile. Usiivute okidi kwenye gome. Omba panga uondoe gome pamoja nayo, kile kipande chote, maana mizizi iliyobaki mizima ni miezi ya kupona uliyoiokoa. Iweke kivulini, inyunyizie kidogo, isubiri hadi shina jipya lichipue, ndipo uifunge.

Walio juu, Mahagi mjini na kwenye milima ya kuelekea Djugu, wajue kwamba wanaishi karibu mita elfu moja juu ya ziwa, ambalo lenyewe liko kwenye mita 619 hivi. Ansellia huonekana hadi takriban mita 2,200, ila ni mmea wa joto. Usiku wa baridi na ukungu unaichelewesha. Iwekeni kwenye ukuta unaopata jua. Kwa baridi hiyo ningewashauri zaidi kulinda okidi ndogo za nyanda za juu. Polystachya, kwa mfano, ina vishina vifupi vilivyoshikana na maua madogo ambayo mdomo wake uko juu, wakati okidi nyingi huligeuza ua mpaka mdomo ukae chini. Nyingine ni Aerangis, yenye maua meupe ya nyota na mkia mrefu wa asali, inayonukia usiku kuwaita nondo. Aerangis haina ghala la shina hata kidogo, kwa hiyo ile kiu ya wiki kadhaa niliyoisifu juu kwa Ansellia itaiua. Yeye anataka kivuli na unyevu wa mara kwa mara.

Maua ya Ansellia yakija huja kwa shada lenye matawi, na mmea wenye nguvu hufungua kadhaa wa kadhaa kwa pamoja. Chukua moja ulitazame karibu: vipande vitatu vya nje na viwili vya ndani vinafanana, na cha sita ni mdomo, wenye sehemu tatu, wa manjano iliyokolea. Juu ya mdomo kuna kinguzo kifupi, ambamo sehemu ya kiume na ya kike zimeungana. Chavua haiko kama unga. Imefungwa kuwa vifurushi ambavyo mdudu huondoka navyo vimemganda. Mkulima wa vanila wa Beni au wa Bundibugyo analijua umbo hili, kwa kuwa vanila nayo ni okidi, na kila asubuhi ya msimu anainua kwa mwiba kile kigozi kinachotenganisha chavua na sehemu ya kike. Ufundi huo ulianzishwa mwaka 1841 na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kwenye kisiwa cha Réunion.

Ua likishika mimba hutoa tunda la kijani lenye pembe, na tunda hilo huchukua miezi kukomaa na hula akiba ya mmea. Kwenye mmea dhaifu, au uliohamishwa mwaka huo, yakate yote. Kwenye wenye nguvu acha moja au mawili yakauke na kupasuka yenyewe. Usijaribu kuzipanda mbegu kwenye kopo. Ni vumbi tupu, hazina chakula ndani, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani wanaoishi kwenye magome na mizizi. Maabara zinaziotesha bila kuvu kwenye chupa zenye sukari na virutubisho, njia aliyoionyesha Lewis Knudson wa Marekani mwaka 1922. Wewe uliye na mwembe mkongwe una gome, na gome hilo huenda lina kuvu hao. Uache mti bila kuukwangua, na huenda baada ya miaka ukaona vichipukizi vidogo karibu na mama yao.

La mwisho ni la wanaosafiri. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama pori, ambao Kongo imo tangu 1976 na Uganda tangu 1991. Kuvuka nayo kuingia Uganda, kwa mtumbwi kwenda Panyimur au kwa barabara ya Goli bila kibali ni kosa, hata kama ni zawadi ya harusi, na hapa Kongo ulinzi wa mimea pori umo kwenye sheria ya uhifadhi wa mazingira asilia namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Ofisi za kuulizia ni za ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira asilia. Na ukinunua sokoni, geuza mmea utazame chini. Mche wa kitalu una mizizi iliyofuata umbo la chungu chake, na majani ya umri unaokaribiana. Ulioibwa msituni una mizizi iliyokatika ikabaki vigutu, vipande vya gome vilivyong'ang'ania, na mashina ya zamani yenye makovu. Huo usiununue hata kwa bei ya chini, kwa sababu ukiununua mmoja leo, kesho aliyekuuzia atarudi kuufuata wa pili.